Bakwiti si ngano: jibu kwa mkulima wa Lushoto

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa viazi na karoti huku Lushoto. Kuna mfanyabiashara amepita kijijini kwetu akiuza mbegu ya zao linaloitwa bakwiti. Anasema ni aina ya ngano inayokomaa kwa miezi miwili na nusu, haitaki mbolea, na mavuno yote atayanunua yeye kwa bei nzuri. Jirani yangu alipoiona picha alicheka, akasema hilo ni gugu tu, lile lenye bua jekundu na maua ya waridi linalotusumbua kwenye viazi. Mke wangu naye alikatazwa na daktari kula ngano. Sasa hii ni ngano au ni gugu? Nipande au niache? Na majani yake naweza kuwapa mbuzi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Jirani yako yuko karibu na ukweli kuliko huyo mfanyabiashara. Bakwiti si ngano hata kidogo. Ni ndugu wa hilo gugu lako, ingawa si lenyewe. Kuhusu muda wa kukomaa mfanyabiashara amesema kweli, kuhusu mbolea amesema nusu ya kweli, na kuhusu kuyanunua mavuno yote, hapo ndipo nakuomba usitoe hela kwanza mpaka tufike mwisho.

Ngano ni jamii ya nyasi, pamoja na mahindi, mpunga, mtama, ulezi, muwa na hata mwanzi. Bakwiti iko kwenye familia nyingine kabisa, ambayo wataalamu huiita Polygonaceae, yenye aina zipatazo 1,200 duniani. Ukipanda ngazi moja juu ya hapo, unaikuta familia hiyo kwenye kundi moja na mchicha. Yaani mchicha ulio nyuma ya jiko lako una udugu wa karibu na bakwiti kuliko ngano ilivyo nao. Watu huiweka bakwiti kwenye rafu ya nafaka kwa sababu tu punje yake ina wanga mwingi na husagwa unga.

Kuitambua familia hii huhitaji darubini. Ingia shambani, ng'oa shina moja la hilo gugu la maua ya waridi, kisha tafuta kifundo, pale jani linapotokea kwenye bua. Utaona bua limevimba kidogo, na juu ya uvimbe huo kuna utando mwembamba, wa rangi ya udongo au mweupe uliopauka, uliozunguka bua lote mithili ya soksi iliyoshuka. Ukiuvuta kwa ukucha unachanika kirahisi. Aina nyingine utando huo una nywele ngumu ukingoni, nyingine ni laini mtupu. Hiyo soksi ndiyo alama ya ukoo. Zipo aina zilizoipoteza, lakini kwa magugu ya mashamba ya milimani kwetu ukiiona soksi, umeshaijua familia. Hutaipata kwenye mchicha, hutaipata kwenye viazi, na kwenye ngano utakuta kitu tofauti kabisa: jani lenyewe ndilo linalolikumbatia bua.

Ukishaijua alama hiyo utashangaa ndugu zake walivyo wengi karibu nawe. Gugu lako la viazi, kwa maelezo uliyonipa, bila shaka ni Persicaria nepalensis, ambalo limesambaa sana kwenye mashamba ya nyanda za juu Afrika Mashariki. Maua yake hukaa kwa kifungu kidogo cha mviringo, na kikonyo cha jani kina mabawa mawili yanayolishika bua. Ule mmea mrefu unaoegemea vichaka kando ya njia, wenye vishada vya mbegu vinavyogeuka vyekundu, ambao watoto hutafuna bua lake kwa sababu ya uchachu, ni Rumex usambarensis. Jina hilo limetokana na milima yenu yenyewe ya Usambara. Kule chini kwenye joto kuna Oxygonum sinuatum, kinachotambaa mashambani na kuwatoboa miguu wanaotembea peku. Wengi hukiita mbigili, jina wanalolipa pia mmea mwingine wa miiba usiohusiana nacho. Ukishuka Tanga, lile ua la kutambaa lenye vishada vya waridi linalofunika kuta na uzio, asili yake Meksiko, nalo limo humo humo, ila huyo soksi zake karibu hazionekani.

Uchachu nilioutaja nao ni wa ukoo. Unatokana na tindikali ya oksaliki, na wengi katika familia hii wanayo kwenye majani na mabua. Kutafuna kidogo njiani hakudhuru, ila mtu mwenye mawe kwenye figo asiyafanye majani haya kuwa mboga ya kila siku.

Sasa bakwiti yenyewe. Asili yake ni kusini magharibi mwa China. Mtaalamu wa Kijapani, Ohmi Ohnishi, ndiye aliyemtambua mzazi wake wa porini huko Yunnan, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kutoka huko ilienea mpaka Japani, Korea, milima ya Himalaya, Urusi na Ulaya, na kila ilikofika ilikwenda kukaa kwa watu wenye ardhi ya baridi na udongo hafifu. Siku hizi Urusi na China ndizo zinazolima nyingi zaidi. Zipo mbili zinazolimwa. Ya kawaida, Fagopyrum esculentum, ina maua meupe au ya waridi hafifu na punje za pembe tatu zenye kingo kali. Ya pili, Fagopyrum tataricum, ni chungu, punje zake zina makunyanzi, nayo huvumilia baridi kali zaidi. Huko Nepal wanalima zote mbili, na katika mazungumzo yao moja ni tamu na nyingine chungu. Ukitaka kununua mbegu, uliza ni ipi kati ya hizo mbili. Muuzaji asipojua, mshukuru uende zako.

Muda wa kukomaa: siku 70 mpaka 90 tangu kupanda. Hilo ni kweli. Mbegu huota ndani ya wiki moja, majani yakatanda haraka, na baada ya mwezi mmoja ardhi imefunikwa kiasi kwamba magugu mengi hukosa jua. Ukipalilia mara moja mapema unaweza usirudi tena na jembe. Hii ndiyo sifa ninayoipenda kuliko zote katika zao hili, na wakulima wengi wa nchi za baridi huipanda kwa ajili hiyo tu: kuua magugu, kisha huigeuzia udongoni kabla haijatoa mbegu.

Kuhusu mbolea, ukweli uko hivi. Udongo wa Usambara sehemu nyingi ni mwekundu na wenye tindikali. Kwenye udongo kama huo alumini huyeyuka na kuichoma mizizi ya mazao, na fosforasi hung'ang'ania udongoni isipatikane. Bakwiti hustahimili hali hiyo vizuri. Mizizi yake humwaga ile ile tindikali ya oksaliki niliyoisema, nayo huishika alumini na kuifunga isidhuru. Pia ni hodari wa kuchota fosforasi ambayo mazao mengine huiacha. Kwa hiyo ni kweli kwamba haidai mbolea nyingi. Lakini haimaanishi kwamba inaweza kuvunwa mwaka hadi mwaka bila kurudisha kitu. Kila punje inayotoka shambani inaondoka na chakula cha udongo. Na kuna upande wa pili ambao hujaambiwa: ukiipanda kwenye shamba lililotoka kupewa yurea nyingi kwa ajili ya viazi, itarefuka, italainika na italala chini na mvua ya kwanza. Bua lake lina uwazi ndani, halina nguvu ya kusimama likinenepeshwa.

Hali ya hewa yenu inaifaa. Inapenda joto la wastani, karibu nyuzi 20. Joto likipita 30 na upepo mkavu ukavuma wakati wa maua, maua hukauka bila kushika mbegu. Ndiyo maana nisingemshauri mtu wa Mombo, kule chini kwenye joto, aijaribu, hata kama ana maji ya umwagiliaji. Pia haipendi maji yaliyotuama, basi mabondeni kwenye udongo wa mfinyanzi usiipeleke.

Ningekuwa wewe ningepanda mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, ili iote na mvua za masika, ichanue zinapopungua, na nivune Julai kukiwa kukavu. Mbegu ifukiwe sentimita 2 hadi 4, kwa mistari. Kwa ekari nzima hutumika kama kilo 20 za mbegu, ila usipande ekari. Panda matuta machache ambayo ukiyapoteza hutalia.

Maua yake yanahitaji maelezo zaidi, maana hapa ndipo wengi hushindwa. Ua moja ni dogo, halina petali za kweli; ni vipande vitano vyeupe, stameni nane (vijiti vya kiume vyenye chavua), na katikati ya stameni vivimbe vidogo vya njano vinavyotoa mbochi, yale maji matamu yanayofuatwa na nyuki. Chukua maua ya mimea miwili mitatu tofauti uyatazame kwa karibu. Utaona baadhi ya mimea ina maua yenye mitindo (vijiti vya kike vinavyopokea chavua) mirefu inayochomoza juu ya stameni, na mingine kinyume chake, stameni ndefu na mitindo mifupi iliyojificha chini. Mmea mmoja una aina moja tu. Chavua ya aina moja haiwezi kuzalisha aina ile ile. Lazima ivuke kwenda kwa aina ya pili, na anayeivusha ni mdudu. Ile chungu haina masharti haya, yenyewe hujichavusha. Lakini ya kawaida bila nyuki utabaki na shamba zuri la maua na mbegu za kuhesabu. Na hata nyuki wakiwepo, sehemu kubwa ya maua hudondoka bila kushika punje, kwa hiyo usishtuke ukiona maua elfu na punje chache.

Mbochi hutoka zaidi asubuhi, na ikifika mchana nyuki huanza kuondoka. Kwa hiyo ukipulizia dawa viazi vilivyo karibu asubuhi wakati bakwiti imechanua, umejiibia mwenyewe. Kama una mizinga, isogeze. Asali ya bakwiti ni nyeusi na ina ladha kali. Wengine hawaipendi, wengine hawataki nyingine. Wafugaji wa nyuki wa Ulaya na Marekani wanaifahamu vizuri bakwiti kwa asali yake.

Kuvuna nako kuna kero yake. Bakwiti haimalizi kuchanua ndipo ikomae. Shina moja kwa wakati mmoja lina maua, punje za kijani na punje nyeusi zilizoiva. Ukisubiri zote zikomae, za mwanzo zitakuwa zimepukutika chini, na msimu ujao utaziona zikiota katikati ya karoti zako. Ukiwahi, unavuna mbichi. Desturi ni kukata punje tatu kati ya nne zikishakuwa kahawia, asubuhi na mapema kukiwa bado na umande, kisha kuacha mabua yakauke kwenye turubai kabla ya kupura. Mkulima mzuri hupata kama kilo 400 kwa ekari, wengine zaidi kidogo. Kiazi kinakupa tani. Linganisha mwenyewe.

Halafu kuna ganda. Punje imefunikwa ganda jeusi, gumu, lisiloliwa, ambalo ni kama robo au moja ya tano ya uzito wote. Hapa mfanyabiashara wako hakusema neno. Mashine ya kukoboa mahindi ya kijijini itazipondaponda. Wanaofanya kazi hii kwa ustadi huchekecha punje kwanza zitengane kwa ukubwa, halafu huzipitisha kati ya mawe mawili yaliyoachana kwa nafasi ndogo tu, kiasi cha kupasua ganda bila kuvunja kilicho ndani, kisha hupeta. Kwa matumizi ya nyumbani kuna njia ya mkato: saga punje nzima na ganda lake, kisha chekecha kwa chekeche laini. Unga utakuwa wa kijivu wenye vidoa vyeusi, na unalika vizuri. Tumia mapema, maana una mafuta kiasi na ukikaa sana huanza kunuka.

Kwa mama wa nyumbani kwako: bakwiti yenyewe haina gluteni, ile protini ya ngano inayoufanya unga uvutike. Kama daktari alimkataza ngano kwa sababu ya gluteni, hii inaweza kumfaa, lakini kwa tahadhari. Usiisage kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Vumbi lililobaki humo linatosha kumrudisha hospitali. Ukinunua ya dukani, soma maandishi yote ya pakiti, kwa sababu tambi za Kijapani za soba mara nyingi huchanganywa na ngano ili zishikane. Jambo jingine ni kwamba bakwiti ina mzio wake yenyewe. Ni wa watu wachache, ila huko Japani na Korea unajulikana kuwa mkali, wa kuvimba midomo na kubana kifua. Amuulize daktari wake kwanza, na siku ya kwanza aonje kidogo, mchana, akiwa na watu.

Jikoni asitegemee chapati, maana unga huu hauvutiki. Ukitaka kitu cha kukaanga, fanya kama watu wa Bretagne huko Ufaransa: unga, maji na chumvi, rojo nyepesi iliyokaa saa kadhaa, ikamwagwa kwenye kikaango cha moto sana na kugeuzwa mara moja. Uji wake ni mzuri. Na huko kaskazini mwa Italia, kwenye bonde la Valtellina, wanachanganya unga wa mahindi na wa bakwiti, wanasonga kwa mwiko juu ya moto kwa muda mrefu, na wanakula na siagi na jibini. Ukiwekewa mezani utanawa mikono bila kuuliza ni nini.

Sasa turudi kwa mfanyabiashara. Bakwiti hapa nchini inanunuliwa na watu wachache: wageni, watu waliokatazwa gluteni, na baadhi ya familia zenye asili ya India ambazo hutumia unga wake, wanaouita kuttu, siku za mfungo wa Navratri. Soko hilo lipo, ila ni la pakiti ndogo, na linataka punje iliyokobolewa na safi. Mtu anayekwambia atanunua gunia lako likiwa na maganda, kwa bei ya juu, bila mkataba, hafanyi biashara ya mavuno. Anauza mbegu, na faida yake inaisha siku anayopokea hela yako. Tumeona hadithi ya namna hii kwa mazao mengi kabla ya hili. Mwambie akuonyeshe lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye mfuko wa mbegu, na kama imetoka nje akuonyeshe kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mwambie pia aandike bei, kiasi na tarehe, mtie saini mbele ya mtendaji wa kijiji. Akikubali yote hayo, nitafurahi kusikia nimemdhania vibaya.

Kwa hiyo: ndiyo, panda, lakini kidogo, kwa ajili ya mke wako, mizinga, na kupumzisha udongo kati ya viazi na viazi. Bakwiti si jamii ya kiazi, basi inafaa kwenye mzunguko wa mazao. Kama sababu yako ni kumuuzia huyo bwana tu, acha.

Na mbuzi. Mabua makavu yaliyobaki baada ya kupura wanaweza kula kidogo pamoja na majani mengine, ingawa hayana lishe ya kujivunia. Mabichi, hasa yakiwa na maua, yana kitu kinachoitwa fagopirini. Mnyama akila mengi kisha akasimama juani, ngozi isiyo na rangi huungua: masikio, pua na sehemu zenye manyoya meupe huwa nyekundu, zikavimba, mnyama akajikuna mpaka akatoka vidonda. Mbuzi weusi hupona, weupe na wenye mabaka ndio huumia. Ikitokea, waondoe kwenye malisho hayo mara moja, wafunge kivulini siku kadhaa, na umwite mtaalamu wa mifugo akaangalie vidonda. Gugu lako la waridi nalo usilirundike kwenye hori. Lichanganye na majani mengine.